Dag Hammarskjöld: alikufa akitafuta amani ya Kongo, na uchunguzi haujaisha mpaka leo

Ndugu wachimbaji, mama na baba, vijana wa Misisi, wa Fizi na wa Baraka, leo tunasimulia maisha ya mtu mmoja mzungu ambaye hakuzaliwa kwetu, hakuishi kwetu, lakini alikufa juu ya mambo ya kwetu. Jina lake Dag Hammarskjöld. Alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ile ONU, wakati Kongo inapata uhuru. Wazee waliokuwa watu wazima mwaka 1961 wanalijua jina hilo. Vijana wengi wanajua tu kwamba kuna mkubwa wa ONU aliyeangukaga na ndege. Lakini namna aliishi, na namna watu walichunguza kifo chake, kuna kitu ndani yake kinatuhusu sisi tunaoshuka katika mashimo.

Mtoto wa waziri mkuu

Dag Hammarskjöld alizaliwa tarehe 29 Julai 1905 katika mji wa Jönköping, nchi ya Uswidi. Alikuwa kitinda mimba, wa nne kati ya watoto wanaume wanne. Baba yake, Hjalmar, alikuwa mtu wa serikali toka zamani, na kutoka 1914 mpaka 1917 alikuwa waziri mkuu wa nchi hiyo. Mtoto alikomaa katika mji wa Uppsala, ndani ya ngome ya zamani ambamo baba yake alikuwa akikaa kama gavana. Nyumba ilikuwa ya heshima, lakini ilikuwa na sheria kali: mtu anazaliwa kusudi atumikie wengine, si kusudi atumikiwe.

Alisoma sana. Alisoma lugha, sheria na uchumi, akapata udaktari wa uchumi akiwa bado kijana. Akaingia kazi ya serikali katika wizara ya fedha, kisha akawa mkubwa wa baraza la benki kuu ya nchi yake, kisha akahamia wizara ya mambo ya nje. Hakuingia chama chochote cha siasa. Hakuoa, hakuzaa. Siku za mapumziko alikuwa anapanda milima na kusoma vitabu. Wale waliofanya kazi naye walimjua kama mtu wa kunyamaza, anayesikiliza kwanza na kuongea mwisho.

Mwaka 1953 Trygve Lie wa Norwe aliacha kazi ya Katibu Mkuu. Wakubwa wa dunia, Wamarekani upande huu na Warusi upande ule, walikuwa wanatafuta mtu ambaye hatawasumbua. Wakamchukua huyu Mswidi wa miaka 47, wakiwaza ni karani mwema tu. Kumbe walikosea hesabu.

Mwanzo wa 1955 alienda mwenyewe mpaka Beijing kuongea na serikali ya China juu ya askari wa ndege wa Marekani waliofungwa kule, na katikati ya mwaka huo huo wakaachiliwa. Mwaka 1956, wakati Uingereza, Ufaransa na Israeli walishambulia Misri juu ya mfereji wa Suez, yeye na wenzake, zaidi sana Lester Pearson wa Kanada, walipanga kikosi cha askari wa nchi nyingi wasiopigana vita, wanaosimama tu katikati ya wagomvi. Ndio chanzo cha wale askari wenye kofia za bluu ambao sisi wa Kivu tumewaona miaka na miaka. Mwaka 1957 wakamrudishia kazi kwa muda mwingine.

Kongo inamwita

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo inapata uhuru. Siku tano tu zinapita, askari wa Force publique wanaasi. Ubelgiji inatuma askari wake bila kuulizwa. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe anatangaza kwamba Katanga imejitenga. Nyuma yake kuna Wabelgiji, na kuna kompani ya Union Minière du Haut-Katanga. Hapa mchimbaji asome vizuri: shaba na kobalti ya Katanga ndiyo ilikuwa inalisha sehemu kubwa ya sanduku la Leta. Union Minière ikaanza kulipa kodi zake kwa Tshombe, si kwa Léopoldville. Kwa feza hiyo Katanga ikanunua silaha, ikanunua ndege, ikakodi mamersenere, ni kusema askari wazungu wa kulipwa.

Kasa-Vubu na Lumumba wakaomba msaada wa ONU. Hammarskjöld hakungoja. Aliita yeye mwenyewe Baraza la Usalama, na usiku wa kuamkia tarehe 14 Julai likakubali kutuma askari. Kesho yake wa kwanza wakaanza kufika. Kazi hiyo, iliyoitwa ONUC, ikakua mpaka karibu askari 20.000.

Haitakuwa haki kumsimulia kama malaika. Lumumba alitaka askari wa ONU waingie Katanga kwa nguvu na kuvunja kujitenga. Hammarskjöld akakataa, akisema, kwa ufupi, kwamba hana ruhusa ya kuingilia ugomvi wa ndani. Katika Agosti 1960 alienda mwenyewe Elisabethville na askari wa Uswidi, akaongea na Tshombe bila Lumumba, na Lumumba akakasirika sana. Septemba, Kasa-Vubu alipomwondoa Lumumba, watu wa ONU wakafunga viwanja vya ndege na radio ya Léopoldville, na hiyo ikamwumiza Lumumba kuliko mpinzani wake. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba akauawa Katanga, na ONU haikuweza kumlinda. Wakongomani wengi hawajasahau. Warusi pia walimtaka Hammarskjöld aache kazi. Yeye akajibu mbele ya mkutano mkuu kwamba hataacha, kwa sababu nchi ndogo ndizo zinaihitaji ONU, si nchi kubwa.

Kisha kifo cha Lumumba, mambo yakageuka. Tarehe 21 Februari 1961 Baraza la Usalama likaruhusu ONU itumie nguvu kama njia ya mwisho, na likataka mamersenere waondoke. Mwisho wa Agosti askari wa ONU wakaanza kuwakamata Katanga. Tarehe 13 Septemba wakaanza operesheni nyingine, na hiyo ikageuka vita. Ndege moja ya kivita ya Katanga, aina ya Fouga, ilikuwa inawapiga askari wa ONU kutoka juu. Kule Jadotville, leo Likasi, kikosi cha Waairlandi kilizungukwa mpaka kikajitoa. Hammarskjöld alikuwa amefika Léopoldville siku ile ile ya tarehe 13. Akaamua kwenda kumwona Tshombe uso kwa uso, wasimamishe risasi. Mahali pa kukutana: Ndola, upande wa Rodezia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia.

Usiku wa Ndola

Jumapili tarehe 17 Septemba 1961, karibu saa kumi na moja za mchana, ndege ya DC-6 iliyoitwa Albertina ikapaa kutoka Léopoldville. Asubuhi ile ile ilikuwa imepigwa risasi kule Elisabethville, ikatengenezwa. Ndani yake kulikuwa watu 16: Hammarskjöld, watu wa ONU, na wafanyakazi wa ndege Waswidi chini ya kapiteni Per Hallonquist. Kulikuwa mwanamke mmoja, Alice Lalande wa Kanada, aliyekuwa sekretere.

Juu ya kuogopa ile Fouga, piloti hakupita njia ya moja kwa moja. Alinyamazisha radio na kuzunguka mashariki. Wakati alifungua radio na kuongea na Salisbury, alikuwa juu ya ziwa Tanganyika, ziwa hili hili ambalo wavuvi wa Baraka wanatupia nyavu zao, akifuata njia ya kuikwepa ardhi ya Kongo. Kisha akageuka kuelekea Ndola.

Kama dakika kumi baada ya saa sita za usiku, piloti akaambia mnara wa Ndola kwamba anaona taa za kiwanja na anashuka. Ndio neno la mwisho. Ndege ikaanguka katika pori la miti, kilometa kama 15 kutoka kiwanjani, ikawaka moto.

Sasa sikiliza vizuri. Kiwanjani wakubwa walikuwa wanangoja. Ndege haikutua. Kulikuwa balozi wa Uingereza, Lord Alport, ambaye aliwaza kwamba Katibu Mkuu amebadili mawazo na kwenda kwingine. Watu wakaenda kulala. Mabaki ya ndege yakatangazwa kuonekana saa tisa za mchana kesho yake, ni kusema zaidi ya saa 14 kisha kuanguka, karibu na kiwanja chenye ndege za kijeshi ambazo zingeweza kutafuta. Mtu mmoja alikuwa bado anapumua: Harold Julien, mlinzi wa ONU. Alilala katika jua na majeraha ya moto saa hizo zote. Alifia hospitalini siku chache baadaye. Hammarskjöld alikuwa amekufa, ana miaka 56. Wakamzika Uppsala, na Desemba ya mwaka ule wakampa zawadi ya Nobel ya amani, yeye akiwa kaburini.

Nani alichunguza?

Sheria ya ndege ya dunia, iliyoandikwa kufuatana na mapatano ya Chicago ya 1944, inasema nchi ambamo ndege imeangukia ndiyo inaongoza uchunguzi. Nchi ambamo ndege imeandikishwa na nchi iliyoitengeneza zinaweza kutuma watu wao. Kwa siku za kawaida, ni sheria nzuri. Lakini Ndola ilikuwa chini ya Shirikisho la Rodezia na Nyasaland, la wazungu walowezi, na waziri mkuu wake, Roy Welensky, alikuwa rafiki wa Tshombe na hakuipenda kazi ya ONU katika Katanga. Ni sawa vile shimo limeanguka, na rafiki wa mwenye shimo ndiye anaandika ripoti.

Ofisi ya ndege ya Shirikisho ilichunguza kwanza. Novemba 1961 ikasema haiwezi kuonyesha sababu moja. Kisha tume ya pili ya Shirikisho, chini ya jaji mkuu wake, John Clayden, ikatoa hukumu mwanzo wa 1962: kosa ni la piloti, alishuka chini kupita kiasi. Piloti amekufa, hawezi kujibu.

Kwa kufika pale, tume hiyo ilipaswa kuweka kando maneno ya watu. Wachoma makaa waliokuwa porini usiku ule, Waafrika, walisema waliona ndege ya pili, ndogo, au waliona moto na mwanga angani mbele ya ndege kubwa kuanguka. Wakaambiwa hawawezi kuaminiwa. Julien, mbele ya kufa, alisema juu ya mlipuko na cheche angani. Wakasema ni maneno ya mgonjwa. Kwa hiyo wale walioona hawakuhesabiwa, na wale ambao hawakuona ndio waliandika.

Mkutano mkuu wa ONU haukuridhika. Oktoba 1961 ulichagua tume yake ya watu watano, kutoka Nepali, Argentina, Sierra Leone, Uswidi na Yugoslavia, mwenyekiti Rishikesh Shaha wa Nepali. Hii haikuwa na mali Katanga wala rafiki Ndola. Mwaka 1962 ikasema kwa uaminifu: hatukupata ushahidi wa kutosha kusema ni kosa la piloti, na hatuwezi kukataa kwamba ni shambulio au bomu. Tume hiyo ilionyesha pia kwamba Léopoldville ndege iliachwa muda bila mlinzi. Mlango ukabaki wazi.

Jaji wa Tanzania

Ulibaki wazi miaka 50. Mwaka 2011 mwandishi Mwingereza Susan Williams alitoa kitabu kikubwa juu ya mambo hayo. Kikawaamsha watu. Majaji na wanasheria wanne wenye sifa, chini ya Stephen Sedley wa Uingereza, wakajipanga kama tume ya kujitolea, na mwaka 2013 wakasema kuna sababu za kutosha za kufungua tena uchunguzi.

Mwaka 2015 ONU ikaweka watu watatu: mmoja mjuzi wa usalama wa ndege kutoka Australia, mmoja mjuzi wa silaha kutoka Denmark, na mkubwa wao akawa Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu wa Tanzania wakati huo. Mtoto wa Afrika ya Mashariki, mtu wa lugha hii hii tunayosoma hapa. Tangu 2017 anaendelea peke yake, kwa kupewa kazi na Katibu Mkuu António Guterres. Safari hii wachoma makaa waliokuwa bado hai, na watu wengine wa Ndola, wakasikilizwa kama mashahidi wa kweli. Ripoti ya 2017 ikasema inaaminika kwamba shambulio au tisho kutoka nje linaweza kuwa sababu ya ile ndege kuanguka. Hakusema imethibitishwa. Alisema pia kwamba Katanga ilikuwa na uwezo wa ndege kuliko vile ilivyosemwa zamani.

Halafu akagusa penye maumivu. Zile nchi ambazo idara zao za siri zilikuwa zinasikiliza radio usiku ule zinapaswa kufungua makabati yao. Wengine walijibu. Lakini Marekani, Uingereza na Afrika ya Kusini hazikutoa vyote vinavyohitajika, na ripoti ya 2024 inarudia bado kwamba habari za lazima zinafichwa na nchi chache. Jaji hana askari wa kuvunja makabati hayo. Ana haki ya kuuliza tu, na kuandika hadharani nani amejibu na nani amenyamaza.

Sheria iliyotoka katika damu

Leo kazi ya kuchunguza ajali za ndege imekuwa na sheria zake, na kila moja imetoka katika vifo. Ya kwanza: uchunguzi ni kwa kuzuia ajali nyingine, si kwa kutafuta wa kufunga. Polisi na tribinali wako na kazi yao, mchunguzi yuko na yake, kusudi fundi na piloti waseme ukweli bila woga. Ya pili: mchunguzi asiwe chini ya yule anayetoa ruhusa za kuruka, wala chini ya kompani. Ufaransa iko na ofisi yake, BEA, tangu 1946. Marekani ilianzisha ya kwake mwaka 1967, kisha ikaona haifai kuiacha ndani ya wizara ya usafiri, na tangu 1975 inajitegemea kabisa. Kongo yetu iko na ofisi ya kudumu ya uchunguzi, BPEA. Lakini jina peke yake halitoshi. Ofisi inahitaji feza, gari, mafundi, na ruhusa ya kuandika neno lisilompendeza mkubwa. Kompani zote za ndege za Kongo ziko bado katika orodha nyeusi ya Ulaya, na sisi wa Kivu ndio tunaopanda.

Na sisi mashimoni?

Mtu atauliza: ndege inatuhusu nini, sisi wa pioche na baramini? Inatuhusu hivi. Shimo likianguka, maneno ya kwanza ni yale yale ya Ndola: kosa ni la mchimbaji. Alichimba vibaya, hakusikia amri, alikunywa. Amekufa, hawezi kujibu. Na anayesema hivyo mara nyingi ndiye PDG wa shimo, au mtu anayekula kwake. Miti ya kushikilia udongo inaondolewa siku ile ile, shimo linafunikwa, kazi inaendelea pembeni. Familia inapewa sanduku na gunia la unga.

Sisi watu wa sendika tunaomba kitu ambacho dunia ya ndege ilikubali zamani. Mtu wa kuchunguza atoke nje, asiwe na hisa katika shimo wala katika kibali chake. Mahali pasiguswe mpaka aone. Wenzake marehemu waliokuwa chini wasikilizwe wa kwanza, bila polisi kusimama karibu, na yule mama anayeuza chakula penye mlango wa shimo asikilizwe pia. Ripoti isomwe mbele ya watu, kwa Kiswahili, si kufungwa katika kabati la ofisi. Kisha kila shimo la jirani lifuate yale yaliyoandikwa.

Hatuahidi kwamba ukweli utatoka haraka. Wale wachoma makaa wa Ndola walingoja zaidi ya miaka 50 mpaka jaji wa Tanzania akawasikiliza, na wengi wao walikufa mbele ya siku hiyo. Lakini waliobaki walikuwa bado wanakumbuka walichoona, na walipoulizwa wakasema. Basi, ndugu, likitokea kwenu, andikeni: siku, saa, jina la shimo, nani alikuwa chini, mliona nini. Wekeni karatasi hiyo kwa watu wawili au watatu. Siku mchunguzi wa kweli atakapofika, apate pa kuanzia.